Beseni la Buluu Kwenye Kiti cha Nyuma

Mzee wa Reli alinusa gari kabla ya kumsalimu mwenye gari. Unamfungulia mlango, anaingiza kichwa, anafumba macho, anavuta pumzi polepole kama mtu anayepitia nje ya jiko la jirani, kisha anatoka na kukwambia, "Humu kuna maji ya tangu Krismasi." Hapo ndipo anapokumbuka adabu. "Habari yako, mama. Watoto hawajambo?"

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitasema. Watu wa kwao wanayajua hayo kunishinda. Mimi nilikuwa jirani yake tu, katika mtaa wa zamani wa nyumba za mawe kando ya Barabara ya Jogoo. Mimi mlango huu, yeye mlango ule, katikati uwanja wa pamoja wenye kamba za kuanikia nguo na magari machache yaliyochoka. Kazi yake yote aliifanya kwenye karakana ya reli, akikarabati madirisha na mapaa ya mabehewa ili abiria wasilowe. Alipostaafu, mikono haikukubali kustaafu naye. Magari makuukuu ya mtaa yakawa mabehewa yake.

Lipo jambo moja ambalo kila mtu pale uwanjani alilijua, nami nalitanguliza kwa sababu mengine yote yanalizunguka. Mtu huyu aliyewakaushia wengine magari, gari lake mwenyewe lilivuja. Lilikuwa gari refu la familia, la rangi ya maziwa, lenye keria ya chuma juu ya paa, na kwenye kiti cha nyuma palikaa beseni la plastiki la buluu. Ikinyesha, asubuhi ungemwona ametoka na shati lililopigwa pasi, amelibeba lile beseni kwa mikono miwili, analimwaga kwenye mtaro, analipangusa kwa kitambaa, analirudisha mahali pake. Watu walimtania waziwazi.

"Mzee, kweli mganga hajigangi!"

"Mganga ana wagonjwa wengi," angejibu, na mazungumzo yangeishia hapo. Ukithubutu kuishika ile keria, alikwambia uondoe mkono.

Kitu kimoja tu alikitaka kwa gari hilo: limfikishe kwao magharibi siku atakapouhama mji kabisa, aende akakae kwenye nyumba yake ndogo, karibu na alipozikwa mkewe. Binti yake, aliyekuja kumtazama kila Jumapili baada ya kanisa, alitaka baba apande basi na gari lichukuliwe na wanunuzi wa vyuma vikuukuu wa Kariobangi. "Baba, hili gari litaoza ukiwa ndani," alimwambia. Kwa hiyo sisi majirani tulikuwa tukitazama mashindano, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo: safari itatangulia, au kutu?

*

Mimi alinijua kwa sababu ya keki. Mimi huoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa, na nina kigari cha mizigo kikuukuu cha kuzipelekea. Msimu mmoja wa mvua kilianza kutoa harufu ya soksi, na wateja wangu wakaanza kunusa maboksi kabla ya kuyafungua. Kapeti ya upande wa abiria ilikuwa bwawa. Fundi mmoja alitaka kung'oa kioo cha mbele. Mwingine alitaka kung'oa dashibodi nzima. Nilikuwa karibu kukubali kimojawapo, Mzee wa Reli alipokuja akipita na gazeti lake kwapani.

"Unaegesha wapi mchana?"

"Kanisani, Mzee. Chini ya ule mjakaranda."

Alifungua boneti, akaondoa wavu wa plastiki ulio chini ya kioo, pale wipa zinapolala, akaingiza mkono. Akatoa konzi la majani meusi yaliyooza. Akatoa jingine. Aliendelea kutoa mpaka nikaanza kuona haya, kama mtu ambaye mgeni amemfungulia kabati la nyumbani.

"Mama Keki," alisema, na tangu siku ile sikuwa na jina jingine kwake, "mvua ikipiga kioo, maji yanashukia hapa, na hapa pana tundu la kuyatoa nje. Mti wako umeziba tundu. Maji yamekosa mlango wao, yakatafuta mlango wako."

Nikamuuliza kwa nini basi kapeti ililowa mbali na pale, chini kabisa miguuni. Alifurahi kuulizwa. Alipenda swali kuliko chai, na chai aliipenda sana.

"Maji hayatokezi pale yanapoingilia," alisema. "Yanaingilia huku, yanatembea kwenye bodi, yanafuata ukingo, yanapata waya yanashika waya, yanapata sponji yanalala. Wewe unayaona yakiwa yamefika. Hukuyaona yakiondoka."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi baadaye, kwa watu wengi, na hakuwahi kuyabadilisha. Alikuwa na maneno machache aliyoyatunza hivyo, kama vyombo vya wageni. "Usizibe kabla hujaona" lilikuwa jingine. La tatu ndilo watu wa uwanja wetu wanalolitumia hadi leo hata kwa mambo yasiyo ya magari: "Mpira wa maji ni mtihani wa mwalimu. Mvua ni mtihani wa taifa." Maana yake, ukijaribu gari kwa mpira ukaona limekauka, usishangilie. Ngoja mvua isahihishe.

*

Namna yake ya kutafuta uvujaji ilikuwa rahisi kiasi kwamba watu waliidharau. Na kwa kuwa wengi huniuliza, nitaieleza.

Kwanza alikausha. Hakukubali kutafuta maji mapya juu ya maji ya zamani. Kapeti zote nje, na lile sponji lililo chini ya kapeti, ambalo watu hulisahau na ndilo hushika maji kama chapati inavyoshika mchuzi. Vyote kwenye kamba juani, hata kama ni siku tatu. Kisha alitandaza magazeti kwenye sakafu ya gari, maana gazeti likidondokewa hata na tone moja linaonyesha alama, na alama haiwezi kujificha.

Pili alipaka chaki. Alisaga chaki za ubaoni, akazipuliza kidogo kwenye maungio yote anayoyashuku kwa ndani: kandokando ya vioo, nyuma ya taa za nyuma, chini ya raba za milango. Maji yakipita kwenye unga wa chaki yanachora njia. "Yanajiandikia yenyewe," alisema.

Tatu ndipo maji. Mtu mmoja nje na mpira, mmoja ndani na tochi. Maji yatiririke taratibu kama mvua ya adabu, yasirushwe kwa nguvu kama kwenye kuosha gari, kwa sababu nguvu hupenyeza hata pale pasipovuja. Na unaanza chini, kisha unapanda. Hilo alilisimamia kama sala. Ukianza juu, maji yatashuka yalowe kila kitu, halafu hutajua ni mlango, ni dirisha au ni paa. Ukianza chini, kila unachokipita kikiwa kikavu umekiachilia huru. "Mshtakiwa mmoja mmoja," alisema. "Usiwakamate wote."

Kisha unangoja. Kila sehemu unaipa maji, unangoja. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Mmoja wa walioshindwa hapo alikuwa dereva wa teksi, kijana mchangamfu wa mtaa wa Umoja, aliyefika uwanjani asubuhi moja akipiga honi, akasalimia kwa lugha ya vijana.

"Mzae, niaje? Hii gari inanimaliza. Nimeipiga silikoni kila mahali na bado inaingiza maji."

"Sijambo," Mzee alijibu. "Kila mahali ni wapi?"

"Kila mahali, buda! Milango, madirisha, huku chini. Kila shimo niliona, nikaziba."

Mzee alifungua mlango wa nyuma. Ulifunguka kwa mlio wa chapati inayobanduliwa kwenye kikaango kisicho na mafuta. Akaufunga tena. Akaugonga kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua, na kutoka ndani ya mlango tukasikia maji yakicheza.

"Kijana, unabeba abiria au unafuga samaki?"

Wanawake waliokuwa wakifua walicheka mpaka mmoja akaketi. Dereva naye akacheka, ila uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua anachekea nini, basi Mzee akachuchumaa, akamwonyesha chini ya mlango, na sauti yake ikawa ya upole kabisa. Kila mlango wa gari huingiza maji, alimweleza. Yanashuka kando ya kioo kinachopanda na kushuka, na si kosa. Watengenezaji walilijua hilo, wakaacha vitundu chini ili yatoke. "Wewe ukaona shimo ukadhani ni kosa. Mashimo mengine ni ya kutokea, si ya kuingilia." Akachukua bisibisi nyembamba, akakwangua silikoni, na mlango ukakojoa kwenye mchanga kwa muda mrefu sana, mpaka tukaanza kuuonea huruma.

Dereva alikaa pale hadi saa nane akikwangua milango mingine mwenyewe. Alipoondoka alimwambia, "Asante, mzee wangu," na Mzee akamjibu, "Sasa umejua kusalimia."

*

Usidhani alikuwa mtu wa subira. Subira yote aliyopewa aliitumia kwa maji, kwa mengine ikawa imekwisha. Kwenye kwaya aliimba besi, na besi yake ilifika mwisho wa ubeti kabla ya wenzake, akawa anawangoja huko akiangalia saa. Hakuweza kupanga foleni. Mtu akisimulia hadithi ndefu alimkata: "Mwishowe alikufa au hakufa?" Viatu vyake vilipakwa rangi kila asubuhi hata kama siku nzima angelala chali chini ya gari la mtu, na ovaroli yake ilikuwa na mistari ya pasi iliyonyooka kuliko suti za maharusi niliowapelekea keki. Alijisifu bila kificho. "Behewa langu halikuwahi kumlowesha mtu," alipenda kusema, na ukimuuliza atajuaje, angekasirika.

Alikuwa pia na wivu wa ajabu na mpira wake wa maji. Watu angewaazima bisibisi, tochi, hata shati, lakini mpira huo wa kijani uliokunjwa vizuri nyuma ya mlango wake haukutoka bila yeye. Nilimuuliza sababu. "Mpira wa maji ukiazimwa unarudi mfupi," alinijibu. Sijawahi kuielewa vizuri kauli hiyo, lakini naona ina ukweli.

Na kioja kikubwa kuliko vyote, beseni. Nililivumilia kwa miaka. Siku moja, tulipokuwa tumeketi kwenye vigoda tukikata raba kutoka mabaki aliyoyaleta kutoka viwanda vya eneo la Baba Dogo, nilishindwa.

"Mzee, gari lako linavuja wapi?"

"Najua linapovuja."

"Uliona?"

Aliendelea kukata raba. Kisha akanisimulia, kwa sentensi fupi, akiangalia mkasi.

Mkewe alipofariki, walikodi gari la kumpeleka nyumbani. Asubuhi ya safari gari likakosekana. Lilikuwa limeharibika mahali fulani, na watu walikwisha kukusanyika mochari na matawi yamefungwa mbele ya magari. Wengine wakasema wangoje hadi mchana, litafutwe jingine. Yeye akasema mama huyu hatangoja mchana. Atapanda juu ya gari lake mwenyewe, lile alilolipanda kwenda sokoni na kanisani. Lakini keria yake ilikuwa ya kushikizwa tu kwenye kingo za paa, haingebeba jeneza safari ndefu ya namna ile. Basi akavua koti la suti, akaazima drili ya mkono kwa mlinzi, akatoboa paa la gari lake mwenyewe, akaipiga keria bolti huku kina mama wakiimba kandokando. Raba za kuzuia maji alizikata kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Jeneza likafungwa, wakaondoka. Walifika salama.

"Mvua zilizofuata, dari ikaloa," alisema. "Pale pale chini ya bolti za nyuma. Nilitoboa haraka, Mama Keki. Fundi hatoboi na machozi machoni. Kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, nikamfanyia yeye."

"Ungezifungua ukazifunga upya."

"Nikizifungua nitayaona matundu."

Nilimmiminia chai.

*

Kiatu cha binti yake ndicho kilichoumaliza ubishi. Jumapili moja ya kiangazi aliingia kwenye gari kumtolea baba miwani aliyoisahau nyuma, akakanyaga, na kisigino chake kikapita kapeti, kikapita sakafu, kikaonekana chini ya gari kikining'inia. Alipiga ukelele uliowatoa watu ndani ya nyumba. Baada ya kumchomoa, tulichungulia. Mtu angeweza kupitisha embe pale.

Binti hakugomba. Pengine angegomba ingekuwa afadhali. Alishika kiatu chake mkononi, akasema kwa upole, "Baba, fundi wa bodi anaweza kuchomelea kipande. Lakini maji yakiendelea kuingia, mwakani ni shimo lingine. Masika yanakuja. Ukilikausha kabla ya masika, nitakuendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Usipolikausha, nakukatia tiketi ya basi. Sitaki utufie barabarani."

Mzee alikitazama kile kisigino kwa muda. "Sawa," akasema.

Sakafu ilichomelewa. Kisha siku zikapita bila yeye kufanya lolote, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Ngong wakati wa jioni. Nilikuwa nimekata tamaa, ndipo asubuhi moja nilipofungua mlango nikamkuta amesimama na ule mpira wa kijani begani. Akaniwekea mikononi.

"Njoo unishikie maji," alisema. "Mimi ndiye wa tochi."

Kapeti alikwisha kuzitoa. Magazeti yalikuwa yametandazwa, chaki imepulizwa. Beseni lilikuwa palepale kwenye kiti, naye akaingia akaketi kando yake kama abiria wawili. Gari lilikuwa mahali lilipokuwa siku zote, pua imeinuka kuelekea ukutani, maana uwanja wetu una mteremko.

"Anzia kwenye keria," aliniambia kupitia dirishani. "Tusizungushane."

"Mzee, chini kwenda juu."

"Ninajua linapovuja."

"Uliona?"

Akaniangalia. Kisha akapandisha kioo, ishara kwamba nimeshinda.

Nikaanza chini. Taa za nyuma: kavu. Mlango wa buti: kavu. Milango, vioo vya pembeni, kimoja kimoja, nikitiririsha na kungoja, huku yeye akigonga kioo mara moja kuniambia niendelee. Wafuaji wakaacha kufua. Nilipopanda kwenye ngazi na kuufikisha mpira kwenye bolti ya kwanza ya nyuma, nilimwona kwa ndani akishika tochi kwa mikono miwili.

Niliyaacha maji yatiririke. Yalizunguka bolti, yakashuka kwenye kingo. Nilingoja kuliko nilivyongoja popote.

Kioo kilishuka kidogo. "Umefungua maji?"

"Yanamwagika, Mzee."

"Ongeza."

Nikaongeza. Kimya. Nikahamia bolti ya pili, ya nyuma pia, halafu za mbele. Alinirudisha ya kwanza. Nikarudi. Alinirudisha tena. Kwenye dari, chini ya bolti zile, doa la kahawia la miaka yote lilikuwepo, lakini jipya halikuja. Chaki ilikuwa nyeupe.

"Kavu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesoma neno la lugha asiyoijua.

Palikuwa pamebaki mbele tu, sehemu ya juu kuliko zote. Nikatiririsha ukingo wa juu wa kioo cha mbele: kavu. Katikati ya paa, juu kidogo ya kioo, palikuwa na antena ya redio, fimbo iliyopinda. Redio yenyewe iliibwa zamani sana, na hakuna aliyewahi kuikumbuka tena ile antena. Fimbo isiyo na kazi haishukiwi. Nikaimwagia maji kwa kukamilisha tu. Nikangoja. Nilikuwa nimeanza kuuondoa mpira.

"Simama hapo!"

Nikasimama.

"Usisogee! Mwaga papo hapo!"

Na katika ukimya ule sote tulisikia, hata mimi nje: tone likipiga plastiki. Kisha jingine. Ndani ya beseni.

Raba iliyokuwa chini ya antena ilikuwa imekauka na kupasuka kama midomo ya mgonjwa. Maji yaliingilia pale mbele, na kwa kuwa pua ya gari ilikuwa juu siku zote, yakateremka juu ya dari, yakifuata ubavu wa chuma, mpaka nyuma, mpaka kwenye kituo chao chini ya bolti zake. Pale ndipo yalipochoka na kudondoka. Hayakutokeza pale yalipoingilia. Alitufundisha hilo sote, na kwa miaka yote hiyo hakujifundisha mwenyewe.

Alitoka polepole, akishika mlango. Alinyoosha mkono, akaigusa bolti ya nyuma iliyo karibu naye, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ile raba ya tyubu ya baiskeli iliyochomoza kidogo chini yake.

"Kumbe nilitoboa vizuri," alisema.

Alirudia, safari hii akimwambia mtu mwingine ambaye hakuwa mimi. Kisha akatoa leso, akapangusa miwani, na mwenzangu mmoja kati ya wafuaji, ambaye ana busara, akaanza tena kufua kwa kelele.

Raba mpya ya antena aliikata siku hiyohiyo kutoka kwenye mabaki ya Baba Dogo. Ilikuwa ndogo kuliko biskuti. Alipomaliza aliliinua lile beseni, akalipangusa ndani na nje, akanikabidhi.

"Kakorogee keki."

"Mzee, hili limekaa kwenye gari miaka."

"Limeshika maji ya mvua tu. Ni safi kuliko bakuli zako."

*

Masika yalichelewa, na hakuliamini gari mpaka yafike. Mtihani wa mwalimu limeupita, alisema. Bado wa taifa. Binti yake alikwisha kuchagua siku ya safari, na maboksi yalikuwa yamepangwa mlangoni kwake, na bado mvua haijaja. Nilimwona akitoka kila alasiri kuangalia mbingu na kurudi ndani kwa hasira, kama mtu aliyefika ofisini akakuta karani hajafika.

Ilinyesha mchana wa mkesha wa safari. Haikunyesha kwa adabu. Ilikuja ikipiga mabati ya vibanda vya barabarani, mitaro ikajaa, kamba za nguo zikaangushwa, na watu wakakimbilia milangoni. Nami nikamwona Mzee wa Reli akitoka nje, bila mwavuli, amevaa suti yake ya kanisani, akatembea hadi kwenye gari, akaingia, akafunga mlango. Baada ya kitambo akapiga honi mara moja. Nilijua ni mimi ninayeitwa. Nilikimbia nikiwa na mfuko wa unga kichwani.

Aliniachia kiti cha mbele. Yeye alikuwa nyuma, mahali pa beseni. Alikuwa ameuinua uso wake, akitazama dari. Juu yetu mvua ilipiga paa na keria kwa kishindo hivi kwamba ilitubidi tuketi kimya. Tuliketi muda mrefu. Vioo vikapata ukungu. Maji yalishuka kila upande wa gari, nasi tulikuwa katikati yake, wakavu.

Mvua ilipopungua kidogo nikamuuliza kama sasa ataitoa ile keria, maana maboksi yangetosha kwenye buti.

"Nikifika," alisema. "Nitaitoa mbele ya kaburi lake, aone hayo matundu." Kisha akaongeza, kama aliyeona kwamba amesema mengi kupita kiasi, "Atanisifu kwanza, halafu ataniuliza kwa nini nimeichafua suti."

Akaegemea mbele, kichwa chake kikaja kati ya viti viwili.

"Mama Keki. Vuta pumzi. Unanusa nini?"

Nikafumba macho kama nilivyomwona akifanya mara nyingi. Nikavuta polepole. Nilitafuta soksi, nilitafuta magazeti ya zamani, nilitafuta Krismasi.

"Nanusa rangi ya viatu, Mzee."

"Basi," alisema, akarudi nyuma kwenye kiti, akanyoosha mistari ya suruali yake, akaendelea kuisikiliza mvua.